Uyahudi wa nasaba, Ukristo wa ubatizo?
Kwa sheria ya dini ya Kiyahudi, mtoto wa mama Myahudi ni Myahudi hata asipokanyaga sinagogi maisha yake yote. Mkristo hazaliwi hivyo, hubatizwa. Oswald Rufeisen, Myahudi wa Poland aliyegeuka mtawa Mkatoliki, aliomba uraia wa Israeli kwa Sheria ya Kurejea, inayompa Myahudi haki ya kuhamia Israeli, akidai amebadili dini tu, si taifa. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ilimkatalia. Ajabu ni kwamba Myahudi asiyeamini Mungu kabisa angepokelewa!

Lakini Wakristo nao wana yao: kwa Waarmenia, kanisa na taifa vimeshikana karne nyingi. Na Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Uganda waliomfuata kiongozi wao Semei Kakungulu mwaka 1919, waliingia Uyahudi kwa imani, si kwa ukoo.