Kipimo cha spiriti cha kioo: nilivyokiona kwenye baridi ya Mbeya

Natunza maabara ya shule ya sekondari hapa Mbeya mjini. Kazi yangu mojawapo ni kuzimua spiriti ya asilimia 96 iwe ya 70, ya kufutia meza, kutakasia mikono na kuhifadhia vielelezo vya baiolojia. Ndiyo maana nilinunua kipimo cha alkoholi cha kioo, kile kinachoelea kama haidromita, chenye namba 0 hadi 100 na kipimajoto ndani yake. Nimeshakitumia kiangazi na kipupwe, na nakipenda sana. Ila kina masharti.

Kinafanya kazi kwa densiti, yaani uzito wa kila mililita ya kimiminika. Kwenye nyuzi 20, mililita moja ya maji ina gramu 0.998, ya ethanoli tupu gramu 0.789. Spiriti ikizidi, kipimo kinazama zaidi. Lakini kimiminika hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, kwa hiyo zile namba ni za kweli kwenye nyuzi 20 tu. Sasa njoo Mbeya mwezi wa saba, asubuhi, spiriti imetoka stoo ikiwa na nyuzi 12: mchanganyiko wa asilimia 70 kamili utausoma 67 hivi. Asiyejua ataongeza spiriti ambayo haikuhitajika, na spiriti ni ghali.

Upande wa pili nao una mtego. Ukimimina maji kwenye spiriti, chupa inapata joto mkononi, unalihisi kabisa, na vipovu vya hewa vinapanda. Ukipima hapo hapo unasoma namba kubwa kuliko ukweli, na vipovu vikinata kwenye kioo vinakinyanyua kipimo. Mimi hufunika chombo, naendelea na kazi nyingine, narudi kikishatulia. Kisha nakizungusha kipimo taratibu kwa vidole ili vipovu viachie, nainama macho yawe sawa na uso wa kimiminika, nasoma pale chini kwenye mbonyeo, si kwenye ukingo uliopanda kioo. Halafu nasoma nyuzi joto na kusahihisha: kwenye nguvu hizi, kila nyuzi moja chini ya 20 naongeza takribani 0.35 kwenye namba niliyosoma, juu ya 20 napunguza hivyo hivyo.

Kipimo hiki pia kimemaliza ubishi wa hesabu pale maabara. Kwa lita moja ya asilimia 70 unahitaji mililita 729 za ile ya 96. Wengi wanatoa 729 kwenye 1,000 na kuweka maji mililita 271. Hapana! Maji na alkoholi vikichanganyika, ujazo hupungua. Mililita 50 za maji na 50 za ethanoli hutoa 96 na ushee, si 100. Maji yatakayoingia ni karibu mililita 297. Weka spiriti kwenye silinda ya kupimia, jaza maji, acha ipoe, kisha ongeza mpaka ifike alama ya lita.

Mwalimu mmoja aliniuliza kama mwinuko wetu unakivuruga, maana maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kuchemka kunategemea kanieneo ya hewa. Kuelea kwa kipimo hakuathiriki.

Kuna watu wameniomba niwapimie pombe za kienyeji, ulanzi na komoni. Hakifai. Vina sukari na mashapo, na namba unayopata haina maana. Glisarini inayotiwa kwenye spiriti ya mikono nayo hushusha usomaji, kwa hiyo pima kabla hujaiweka. La gongo ndilo linaloniogopesha. Methanoli, ile inayopofusha na kuua, ina densiti ya 0.792, karibu sawa kabisa na ethanoli, na kipimo hakiwezi kuzitofautisha. Anayekuonyesha namba kubwa kwenye kipimo kama ushahidi kwamba gongo yake ni safi, usimwamini hata kidogo.

Nisichokipenda ni kwamba kilikuja bila jedwali la masahihisho na kimefungwa kwenye karatasi nyembamba tu, wakati shingo yake ni nyembamba na huvunjika upesi. Ukienda kununua, chukua chenye kipimajoto, na soma maandishi madogo kwenye shingo: vingine vimepimwa kwa nyuzi 15, na hesabu niliyotoa hapa ni ya vile vya 20.