Leza ndani ya upasuaji wa retina: uzoefu wangu kama mkazi wa Tanga

Retina yangu, yaani utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilibanduka, nikapasuliwa Dar es Salaam na leza ikapigwa hapo hapo mezani. Kazi ya daktari naisifu. Maelekezo ya kurudi nyumbani ndiyo yaliyopungua.

Leza yenyewe hairudishi retina mahali pake. Daktari hutoboa matundu matatu kwenye weupe wa jicho, kila moja chini ya milimita moja, huondoa ute, hunyonya maji yaliyoingia nyuma ya retina, kisha hujaza hewa ili retina ilale. Ndipo huingiza kijiti chembamba cha leza na kuzungushia sehemu ya retina iliyochanika (mchaniko) safu mbili tatu za madoa meupe. Hatua ya kukausha haina njia ya mkato: rangi haishiki ukuta uliolowa. Joto hutoka kwenye tabaka lenye rangi lililo nyuma ya retina, na maji yakibaki katikati halifiki, doa halitokei. Kuongeza nguvu ya leza kwa pupa kunaweza kuvujisha damu au kutoboa tundu jipya.

Kovu la madoa hayo huchukua siku 10 hadi 14 hivi kushika. Muda huo retina hushikiliwa na gesi inayoachwa jichoni: aina ya SF6 hukaa wiki 2 hivi, ya C3F8 hufika wiki 8. Gesi hupanda juu, kwa hiyo kichwa hulazwa ili mchaniko uwe upande wa juu. Wengi huambiwa kifudifudi. Usilale chali, gesi ikigusa lenzi huharakisha mtoto wa jicho.

Sasa wenzangu wa Tanga: ndege ya Pemba au Unguja ni marufuku mpaka gesi iishe. Na Lushoto pia, ambako ni mita 1,400 hivi juu ya bahari! Hewa ya nje ikipungua uzito, gesi huvimba na shinikizo la jicho hupanda hadi kuweza kuua mshipa wa fahamu. Karatasi niliyopewa ilitaja ndege tu, milima haikuandikwa, na hilo kwangu ni pengo kubwa. Basi la pwani halina shida hiyo.

Jicho likiuma sana, ukatapika na uoni ukafifia, nenda hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo, usingoje kliniki. Na ukihitaji nusu kaputi kwa ugonjwa mwingine wowote, mwambie mtaalamu wa usingizi kwamba una gesi jichoni, asitumie gesi ya usingizi iitwayo naitrasi oksaidi.