Kendwa na watoto: angalia mwezi kabla ya kulipia chumba

Ukitoka Arusha na watoto wadogo kwenda Unguja, nenda Kendwa, kule kaskazini jirani na Nungwi. Paje na Jambiani, upande wa mashariki, ni pazuri sana, ila maji yakipwa bahari inaondoka kabisa: unatembea mbali kwenye mwani na mawe, huku ukikwepa wale viumbe weusi wa miiba, na bado maji yako magotini. Kendwa maji yanashuka lakini hayakimbii, chini ni mchanga mtupu, na kwa kuwa ufukwe unatazama magharibi, upepo wa kusi wa Juni hadi Septemba hauupigi moja kwa moja.

Wengi huangalia picha za hoteli. Mimi naangalia mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na maji hupwa karibu saa 4 asubuhi, saa ileile watoto wanayotaka kuoga. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Tofauti huwa ndogo, na maji hujaa asubuhi hiyohiyo, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Tena mwezi mpevu Kendwa huwa na sherehe ya ufukweni, muziki hadi usiku wa manane. Tulichukua wiki ya mwezi nusu, na watoto walilala vizuri.

Hoteli tuliyofikia naipa nyota 4 kati ya 5. Vyumba visafi, samaki wa siku hiyohiyo, wahudumu wapole kwa watoto. Nyota moja nimeikata kwa sababu kitanda cha ziada hakikuwa na chandarua, na jaketi okozi zote zilikuwa za watu wazima. Hili la pili si dogo. Mvalishe mtoto jaketi, funga vizuri, kisha livute juu kwa mabegani: likipanda hadi masikioni, akiwa majini litamvuka. Beba la saizi yake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Na mtoto aliyejifunzia kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka, isiyo na chumvi, asikupe imani. Maji yakijaa mteremko unakuwa mkali, hatua chache tu yako kifuani mwake, na chumvi ikimwingia machoni anababaika.

Ndege ndogo za kutoka Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, huruhusu kilo 15, begi liwe laini. Kwa basi, lala Dar ndipo upande boti asubuhi. Safari ya boti huchukua kama saa mbili. Daladala namba 116 ya Nungwi itakushusha njia panda ya Kendwa, ubaki na mabegi juani. Mkiwa na watoto chukueni teksi, mpatane bei kabla ya kupakia. Kitambulisho cha NIDA kiwe mkononi, na uulize bei ya mkazi kabla hujalipa chochote.