Uzoefu wangu wa kusomea masaji na taarifa za afya chuoni

Nilijiunga na chuo kwa ajili ya masaji tu. Taarifa za afya, yaani kazi ya kutunza na kupanga kumbukumbu za wagonjwa, nilibebeshwa, maana muhula wa kwanza wanafunzi wa fani zote mbili husoma pamoja kabla kila mmoja hajashika njia yake. Jina la chuo sitalitaja. Nina ya kusifu na ya kulalamikia, na waliokosea si wote.

Anayedhani atafika tu na kupewa mafuta na mgongo wa mtu, asahau. Wiki za mwanzo ni kukariri. Mifupa 206 ya mtu mzima, misuli isiyopungua 600 (hawakudai yote, ila waliyodai yalitosha kunikosesha usingizi), na majina ya Kilatini yanayokwama kooni. Jina lililonitesha kuliko yote ni sternokleidomastoidi. Nililikariri siku tatu bila kufika popote, hadi mwalimu wa anatomia aliponisimamisha mbele ya darasa. Akaniambia nigeuze uso kushoto. Upande wa kulia wa shingo ukajitokeza msuli kama kamba, unaoanzia kidarini na kwenye mtulinga, ukapanda hadi kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. "Jina lenyewe ndiyo ramani," akasema, na kweli, linataja sehemu zote tatu unakojishikiza. Darasa zima likapita kuushika kwa vidole viwili, kwa uangalifu, kwa kuwa jirani yake upo mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kichwani, na hapo habonyezi mtu. Sijalisahau jina hilo tena. Mwalimu yule peke yake ningempa nyota tano.

Mazoezi ya mikono nayo yalikuwa mazuri, ingawa mimi niliyaanza vibaya. Nilikuwa nachua kwa nguvu za vidole gumba, nikijiona fundi. Mwezi wa pili gumba la kulia likavimba hata kufungua kifuniko cha chupa ya mafuta nikashindwa. Mwalimu wa vitendo hakunionea huruma. Alikitazama kitanda, akasema tatizo liko kwenye miguu yake, si kwenye kidole changu. Nikisimama wima na mikono imening'inia, uso wa kitanda unatakiwa ufikie karibu na konzi zangu. Changu kilikuwa juu mno, kwa hiyo sikuweza kuegemea, nikabaki kusukuma. Tukakishusha. Nikatanguliza mguu mmoja, nikanyoosha mkono, nikaacha uzito wa mwili ushuke wenyewe kupitia kiganja na kigasha. Niliyekuwa namchua akauliza kama tumebadilishana na mtu mwingine.

Mbinu tulizofundishwa ni zile za masaji ya Kiswidi: kuteleza na kiganja, kukanda, kusugua kwa kina, kupigapiga, kutetemesha. Majina yake ni ya Kifaransa, jambo lililonishangaza. Mwalimu akatueleza kwamba sifa zote alizoea kupewa Per Henrik Ling, mwalimu wa mazoezi ya viungo wa Uswidi, lakini mpangilio huo na majina yake unahusishwa zaidi na daktari Mholanzi, Johann Georg Mezger. Mambo kama haya hayasaidii kumtuliza mtu mgongo, ila nilipenda kuyajua.

Sasa malalamiko. Mwalimu mmoja, na kipeperushi cha chuo pia, walishikilia kwamba masaji "hutoa sumu mwilini" na kwamba uchovu baada ya mazoezi ni asidi ya laktiki inayotakiwa kukamuliwa. Asidi hiyo mwili huiondoa wenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, haimngoji mchuaji, na hiyo sumu hakuna aliyewahi kuitaja jina nilipouliza. Nilionekana mkorofi. Lakini mteja akiniuliza mimi kesho nitamjibu nini? Masaji hupunguza maumivu kwa muda, hulegeza misuli, humtuliza mtu na kumsaidia kulala. Hayo yanatosha kuuza, ya nini kuongeza chumvi?

Siku iliyonionyesha uzito wa kazi hii ilikuwa kwenye kliniki ya wanafunzi. Alikuja mtu akilalamika shavu la mguu limekaza tangu aliposafiri safari ndefu ya kukaa. Mwenzangu alishamimina mafuta kiganjani. Mwalimu akapita, akatazama miguu yote miwili, akamwambia, "Weka mikono chini." Mguu mmoja ulikuwa umevimba, wa moto kuliko mwenzake. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani, na ukiichua inaweza kumeguka ikasafiri hadi kwenye mapafu. Mtu yule akapelekwa hospitali saa hiyohiyo. Majibu yake hatukuyapata, na mafuta yale mwenzangu aliyafuta kwenye taulo bila kusema neno.

Hapo ndipo somo la taarifa za afya, nililokuwa nalisinzia, liliponiamsha. Fomu ya mteja ilikuwa na swali kuhusu uvimbe wa miguu, na mtu yule alikuwa ameweka alama ya ndiyo. Hakuna aliyeisoma. Tangu siku hiyo noti zangu naziandika kwa mpangilio tuliofundishwa, uliotokana na kazi ya daktari Mmarekani Lawrence Weed: anachosema mteja, ninachokiona na kukishika, tathmini yangu, kisha mpango.

Upande wa misimbo ya magonjwa nilicheka na kulia. Tulifundishwa ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, ambamo kila ugonjwa una herufi na tarakimu: kisukari cha aina ya pili ni E11, maumivu ya kiuno M54.5, shinikizo la damu I10. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniumbua. Kwenye zoezi la kuingiza mafaili ya mfano nilisoma I10 iliyoandikwa kwa mkono, nikaandika 110, programu ikaikataa mara kumi na moja nami nikailaumu kompyuta. Baadaye nikagundua mwenyewe kwamba ICD-11, toleo lililofuata, iliyoanza kutumika rasmi Januari 1, 2022, imeziacha kabisa herufi I na O ili zisichanganywe na 1 na 0. Humo shinikizo la damu ni BA00. Nilifarijika kwamba hata wakubwa walikwazwa na jambo lilelile.

Lakini kwa nini nigundue mwenyewe? Chuoni ICD-11 haikutajwa hata mara moja. Nakubali ICD-10 bado ina kazi, hospitali nyingi hazijahama. Ila mwanafunzi anayebaki kwenye fani hiyo anahitaji walau kuonyeshwa anakoelekea. Tena mafaili yetu ya mazoezi yalikuwa safi mno, kila moja na ugonjwa mmoja. Faili halisi lina mtu mwenye kisukari, shinikizo, na kidonda kilichomleta, na kazi yenyewe ni kuamua kipi kinaandikwa kuwa sababu kuu.

Ukitaka kujiunga na chuo cha namna hii, kabla ya kulipa uliza utachua watu halisi chini ya usimamizi kwa jumla ya saa ngapi, na kama cheti kinatambuliwa na mamlaka inayosajili wachuaji unakotaka kufanya kazi. Majibu ya "usijali, utaona" yakatae.

Kwa masaji nawapa nyota nne, kwa taarifa za afya mbili na nusu. Ya tano kwenye masaji waliipoteza kwa vitanda: sita kwa watu ishirini na wanne, na viwili kati yake havikushuka.