Mrashi wa bibi: kazi nzuri, ahadi mbovu

Mrashi wenyewe, chombo cha kunyunyizia wageni marashi kupitia matundu ya kichwani, ni wa fedha, kimo chake shibiri na nusu, tumbo limejaa nakshi za maua, shingo nyembamba. Bibi alikuwa akiutoa kwenye arusi na maulidi tu. Nilipoukuta kashani ulikuwa mweusi tii, tumbo limebonyea, na shingo fundi mmoja wa zamani aliishikiza kwa madini ya risasi. Ukiutikisa, marashi yanatokea shingoni!

Nikaupeleka kwa sonara mmoja wa Ngamiani, hapahapa Tanga, nikitaka ung'ae kama kioo. Akakataa. Kazi kubwa, akasema, ni kuitoa ile risasi: ukiipasha fedha moto risasi ikiwa bado imeganda juu yake, inaila na kuiachia vishimo. Asubuhi nzima alikuwa akikwangua tu, moto hajauwasha. Ndipo akailehemu shingo kwa fedha iliyochanganywa na shaba na zinki, inayoyeyuka mapema kuliko fedha tupu, ambayo hungoja mpaka nyuzi 961. Kuhusu lile bonyeo, nyundo haipiti shingoni; akafungua kitako, akapenyeza chuma kilichopinda, akasukuma kutoka ndani kidogokidogo. Nilisahau hata kwenda sokoni.

Kisha akausafisha kwa maji ya ukwaju na brashi laini, weusi wa ndani ya mistari ya nakshi akauacha. "Nikiutoa huu, maua hutayaona tena." Nilibisha sana. Nilipoufikisha nyumbani nikauweka dirishani, nikanyamaza. Kwa hiyo ile njia ya kuchovya kwenye maji moto yenye karatasi ya alumini na bikabonati, kwa mrashi wa nakshi siishauri; inang'oa weusi wote. Na marashi msiyalaze ndani, shughuli ikiisha yamwageni.

Nimelipa shilingi 85,000, bila risiti. Tundu moja la kichwani lilirudi limeziba, nikalizibua mwenyewe kwa sindano. Hayo nimesamehe. Ila aliniahidi wiki mbili, zikawa tano, na maulidi yetu ya Mfungo Sita yalipita mrashi uko kwake. Wageni tuliwarashia kwa chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko, shangazi akinitazama kwa jicho lile.

Nyota nne kati ya tano. Kuna chetezo kilichovunjika mguu, nacho nitampelekea yeyeyule, ila tarehe ya shughuli nitamtajia ya mwezi mmoja kabla.