Fundi AC wa Magomeni, Mtwara: sasa napita kwenye salfa vioo vikiwa juu

Aliyewahi kubeba salfa, ule unga wa dawa ya mikorosho, kwenye pikapu isiyo na AC atanielewa. Ukishusha vioo, unga unakurudia kutoka nyuma na macho yanawaka moto. Ukivipandisha, unaiva humo ndani. Nimekwenda hivyo misimu minne, Mtwara hadi vijiji vya Tandahimba, na likizo ya Juni nakuwa na mwanangu mwenye pumu kiti cha pembeni. Safari hii nikasema basi.

Gari ni Toyota Hilux ya zamani, injini ya 3L, dizeli ya cc 2,779 isiyo na tabo. Haikuja na AC.

Fundi wa kwanza, simtaji, alifunga vifaa vya mtumba na kujaza gesi jioni ileile. Nikaondoka nasikia baridi, nimefurahi kweli. Siku ya kumi na moja ikawa inapuliza joto. Mpira wa kumwaga maji ya AC nao hakuutoa nje, zulia la upande wa abiria likalowa mpaka likavunda. Laki sita zikaenda hivyo.

Huyu wa Magomeni alianza kwa kufungua mfuniko wa rejeta. "Mama, kondensa inakaa mbele ya rejeta. Rejeta ikiwa imeziba, AC itakuchemshia injini." Alikuta kutu tupu, ikabidi ikazibuliwe kwanza. Kondensa, ile inayotoa joto la gesi ya AC, akaifunga na feni yake ya umeme, yenye rilei na fyuzi, na kila mguu wa kondensa akauwekea raba kwa sababu ya makorongo ya huko ninakokwenda. Kompresa ya fundi wa kwanza, yaani pampu inayosukuma gesi, aliiacha baada ya kuipima, ila oringi zote (pete za raba za kwenye maungio) na chujio la kukausha unyevu alinunua vipya. Chujio hilo, alisema, mfumo ukishakaa wazi halirudishwi.

Kilichonifanya nimwamini ni pampu ya kunyonya hewa. Aliunganisha geji, akavuta hewa yote kwenye mabomba kwa dakika arobaini, akazima, akaniambia nikale. Nilirudi baada ya saa nzima nikainama kuangalia: mshale ulikuwa palepale, haujasogea hata unywele. Unyevu ukibaki ndani unaganda kwenye tundu jembamba la valvu na kuzuia gesi, tena ukichanganyika nayo unakula vyuma. Fundi wa kwanza hatua hiyo hakuigusa kabisa. Hapo ndipo huyu alipojaza gesi ya 134a, kwa kuipima kwenye mzani.

Sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, pia aliishughulikia. Kompresa ikishika, injini ndogo kama hii inalegea na kutetemeka, kwa hiyo aliweka kifaa kinachoipandisha kidogo AC ikiwashwa. Kinavutwa na pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya alteneta, ileile inayosaidia breki, basi alijaribu breki mara kadhaa kabla ya kunikabidhi funguo.

Malipo yote, vifaa na ufundi, ni 1,150,000. Aliahidi siku mbili, zikawa tano, na hilo lilinikera maana mzigo ulikuwa unanisubiri. Kwenye dashibodi amekata tundu la swichi kwa msumeno na limekaa upande. Ningependa awe makini zaidi hapo.

Lakini nimeshakwenda Tandahimba mara sita na mifuko ya salfa nyuma, swichi ya hewa nimeiweka izunguke ya ndani tu. Mwanangu alilala njia nzima, hakugusa dawa yake ya kuvuta. Kwenye mlima nikiwa na mzigo naizima AC, gari linakuwa zito mno, nikifika juu naiwasha. Nikisimama, maji yanadondoka mchangani chini ya gari, tone kwa tone, na zulia ni kavu. Msimu wa salfa ukiisha ameniambia nirudi asafishe koili ya ndani inayopoza hewa, kwa kuwa gari hili halina chujio la vumbi. Nitarudi kwake.