Kliniki ya kumbukumbu: walivyompima baba

Baba, mwenye umri wa miaka 74, alianza kwa kunyamaza. Aliacha kwenda barazani kucheza bao, hatua zake zikawa fupi fupi, na ukimuuliza jambo jibu lilichelewa, ingawa likija lilikuwa sahihi. Ndugu walisema ni uzee, na shangazi alitaja kurogwa. Nilimpeleka katika kliniki ya kumbukumbu ya wazee jijini Dar es Salaam.

Daktari, baada ya kumwamkia, hakukimbilia vidonge vya sonona ijapokuwa dalili zilielekea huko. Alimpima shinikizo la damu akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama, na kuagiza picha ya MRI, ambayo ilionesha madoa meupe mengi ndani ya ubongo: alama za mishipa midogo iliyoharibika polepole bila kiharusi cha kuonekana. Alitueleza kwamba uharibifu huo hukatiza mawasiliano ya sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu za ndani, ndiyo maana mzee huweza kupoteza wepesi na hamu kabla ya kumbukumbu, na sonona inayoanza uzeeni huweza kutokana na mishipa hiyohiyo. Kwa maelezo hayo pekee, nauli yetu ilirudi.

Kasoro niliiona kwenye kipimo cha akili cha MoCA, chenye alama 30, kilichochapishwa mwaka 2005. Mzee huagizwa achore saa ambayo mshale mfupi uko kwenye 11. Muuguzi, akitafsiri neno kwa neno, alisema "saa kumi na moja na dakika kumi". Baba akauelekeza mshale kwenye 5, kama Mswahili yeyote angefanya, akanyimwa alama. Aidha, alisahauliwa alama ya nyongeza anayostahili mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu, naye aliishia darasa la nane. Nilipolalamika, daktari alisahihisha bila kununa: 22 ikawa 24, bado chini ya 26 inayohesabiwa kuwa salama.

Mama aliomba dawa ya kumtuliza usiku, maana siku hizi hufoka. Daktari alikataa, kwa kuwa dawa za aina hiyo huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye ugonjwa huu. Badala yake alirekebisha dawa za shinikizo na kutupangia kurudi baada ya miezi mitatu. Foleni ni ndefu, kwa hiyo fikeni mapema mkiwa na daftari la vipimo vya nyumbani, kwani hulisoma kweli.